Dirisha la Ndoa la Kaunti ya Peupe

Mama mwenzangu, kama una binti aliyeanza kucheka peke yake akisonga ugali, epua sufuria, kaa chini, nikueleze yaliyompata mama mmoja huko Peupe. Ukishasikia utafanya unavyoona wewe. Mimi nitakuwa nimesema.

Mama huyo aliitwa Mwajabu. Alikuwa mjane, na mtoto alikuwa naye mmoja tu, Salha. Salha akapata mchumba, kijana mtanashati anayeitwa Feruzi wa Bwengo, fundi wa kuezeka aliyeletwa kijijini kwao kubadilisha paa la shule. Feruzi alikuwa na adabu, mpaka adabu yenyewe ikamtia Mwajabu wasiwasi. Alisalimia kwa mikono miwili. Alikula akasifu. Hakuvuta, hakunywa. Ukimuuliza kwao ni wapi, anasema Peupe, huku anatazama chini. Ukimuuliza kama aliwahi kuoa, anasema, "Mama, kwetu mambo yote yako wazi," kisha anatazama chini zaidi.

Hayo Mwajabu angeyapuuza. Lakini siku moja kichanga cha jirani kiliachwa mkekani mama yake akaenda kuoga, kikaanza kulia. Kabla mtu hajainuka, Feruzi alikiokota, akajitupia kanga begani, akakilaza hapo, akakipigapiga mgongoni kwa kiganja alichokikunja kidogo, mpaka mtoto akacheua. Akamfuta mdomo kwa ncha ya kanga. Na wakati wote huo alikuwa akiendelea kumweleza Salha habari za mabati, kama mtu ambaye mikono yake haihitaji kuambiwa.

Mwajabu aliukazia macho mkono ule. Ule haukuwa mkono wa kijana asiyewahi kulea. Ulikuwa mkono wa mtu aliyeamshwa na kilio mara nyingi, akazoea.

"Huyu mtu ana mke," alimwambia bintiye walipobaki wawili.

"Mama nawe! Kwa sababu amembeba mtoto?"

"Kwa namna alivyombeba."

"Asingembeba ungesema ana roho mbaya."

"Salha, sikiliza. Mimi sikukatazi ukewenza. Wako waliokuwa wa pili, wakaambiwa, wakakubali, na wanaishi. Ninachokataa ni kufichwa. Mtu anayeweza kukuficha mtu mzima, mwenye miguu na sauti, atashindwa kukuficha nini?"

Salha hakuwa mjinga, na alimpenda mama yake. Alifikiri kidogo, akasema, "Basi niletee jina lake. Jina tu, mama. Ukiniletea jina la huyo mke, namrudishia Feruzi pete yake na simjui tena. Usipolipata, utatoa neno lako nami niolewe, na utalitoa ukicheka."

Wakakubaliana hivyo. Na kwa kuwa Feruzi mwenyewe alisema kwamba Peupe kuna Jumba la Ndoa, ambamo kila ndoa imewekwa na yeyote anaruhusiwa kuulizia, walifunga safari wote wawili wakiwa na Feruzi, wakaenda kukaa kwa shangazi yake, Bi Kidawa.

Njia ya kwenda Peupe haina la kusimulia. Tuseme walifika.

Langoni palikuwa na kibao kikubwa: KARIBU PEUPE, HAPA HAKUNA LILILOFICHWA. Na kweli, nyumba za Peupe hazina pazia. Watu wanapika nje, wanakula nje, wanagombana nje. Vyoo vyao vina kuta za kufika magotini. Kwenye kila nguzo ya barabarani kumefungwa kipaza sauti, na kila linalosemwa katika ofisi za kaunti linasikika mpaka mashambani, ili asije mtu akasema hakuambiwa. Mwajabu alipoyaona hayo moyo wake ulitulia. Alijisemea, hapa ndipo. Hapa mtu hawezi kuficha hata sindano.

Alichelewa kidogo kuona lile jingine. Watu wa Peupe hawatazami. Wanatembea macho yakiwa kwenye vidole vya miguu yao. Wanaume wawili waligongana mbele yake, kila mmoja akaiomba ardhi radhi, wakapita. Mbele kidogo mwanamke alikuwa akimwogesha mtoto kizingitini, povu mpaka masikioni, na Mwajabu akatabasamu kama mama yeyote angetabasamu. Yule mwanamke alijifunika uso kwa kiganja.

"Mama, mbona unatazama?"

"Si uko nje, mwanangu?"

"Niko nje kwa sababu ya sheria. Wewe je, hukulelewa?"

Jioni hiyo Bi Kidawa alimfafanulia, akijisikia fahari kabisa. "Sheria yetu inakataza kuficha, na adabu yetu inakataza kutazama. Ndiyo maana hapa hutasikia fitina. Mwizi akipita na mbuzi wako, anapita naye mchana, barabarani. Hajavunja sheria. Na wewe ukikaa kimya hujavunja adabu."

"Na mbuzi?"

"Mbuzi anakwenda," alisema Bi Kidawa.

Mwajabu aliona heri aulize papo hapo. "Bi Kidawa, wewe ni shangazi. Feruzi ana mke?"

Yule mama alinawa mikono ambayo ilikuwa safi, akiyaangalia maji kwenye bakuli. "Jumba la Ndoa liko wazi, mama. Nenda kaulize huko. Mimi nikikujibu nitakuwa nimemtazama mtoto wa ndugu yangu." Akajikausha taratibu. "Sisi hatuna neno. Feruzi amesema lake, Salha amesema lake. Hapa kwetu kinachobaki ni neno la mama."

Asubuhi Mwajabu akaenda. Jumba la Ndoa lilikuwa kubwa, jeupe, zuri. Akalizunguka akitafuta mlango. Akalizunguka tena. Askari aliyekaa kivulini akamwambia bila kuinua kichwa, "Hakuna mlango, mama. Mlango ni kitu cha kufunga. Waliojenga walikataa chochote kinachofungika."

"Sasa watu wanaingia wapi?"

"Hawaingii. Makarani wanapanda ngazi, wanashukia darini. Wananchi wana dirisha."

"Moja?"

"Yakiwa mawili, mama, moja litapendelewa."

Kwenye hilo dirisha moja kulikuwa na foleni ya watu wenye nyuso za kuchoka, shingo zimeinama, midomo ikichezacheza. Zamu yake ilipofika alikutana na karani, msichana mwenye sauti ya upole, aliyekuwa akitazama kucha zake.

"Karibu, mama. Kila ndoa iliyofungwa Peupe imo humu, na ni mali ya kila mtu. Nikutazamie ipi?"

"Ya Feruzi wa Bwengo."

"Na nani?"

"Hilo ndilo nililokuja kuuliza."

Karani alitabasamu kwa kusikitika, kama daktari anayejua tayari. "Mama yangu, humu ndoa zimepangwa kwa majina ya wake. Mwanamume hana rafu yake. Tungewapanga kwa waume, mume mmoja angeweza kutokea mahali pane, akatuharibia mpangilio."

"Mwanangu, hapo mahali pane ndipo ninapopatafuta!"

"Naelewa. Nipe jina la mke, nami nitakuambia kama ana mke."

Mwajabu alidhani anataniwa. Aliposhika kingo za dirisha akaeleza tena, polepole, kama unavyomweleza mtoto, karani naye alimweleza tena polepole vilevile. Nyuma yake foleni ikakohoa. Akapisha.

Aliyekuwa nyuma yake alikuwa mtu mzima mwenye suti iliyopigwa pasi vizuri na kofia mkononi. Aliitwa Bwana Ndaro. Naye alijibiwa, akapisha, akaja kukaa karibu na Mwajabu kwenye ukuta.

"Nawe unatafuta ya nani, kaka?"

"Yangu mwenyewe."

"Umeipoteza?"

"Mimi sikupoteza kitu, dada. Mke wangu ndiye aliyefariki. Chumba cha maiti hawanipi mwili mpaka nilete karatasi kuwa alikuwa wangu. Nikaja hapa. Kuambiwa kwamba ndoa ipo, anaambiwa mtu yeyote. Nimeambiwa ipo, na wakanipongeza. Lakini karatasi yake wanapewa mume na mke wakiwa wamesimama pamoja dirishani. Nimewaambia mmoja hawezi kusimama."

"Wakasemaje?"

"Yule karani ni mtoto mwema. Alilia. Kisha akaniambia nimlete hivyo hivyo, watatupatia kiti."

Mwajabu hakujua acheke au afanye nini. Bwana Ndaro mwenyewe alicheka, kicheko kikavu kama cha mtu anayekohoa, akaendelea kuigeuza kofia yake. Tangu siku hiyo wakawa watu wa ukuta mmoja. Bwana Ndaro alimshikia nafasi, akagawana naye mihogo, akamsikiliza. Ndiye aliyemfundisha namna watu wa Peupe wanavyofanya wakitaka kujua jambo.

"Bahatisha," alimwambia. "Wote hawa unaowaona wanabahatisha. Taja jina la mwanamke, taja na la mwanamume. Ukikosea, taja jingine. Yule aliyejifunga kilemba cha kijani alianza akiwa msichana, anamtafuta mke wa baba yake."

Basi Mwajabu akaanza kubahatisha. Alisimama dirishani akasema, "Saumu, na Feruzi wa Bwengo." Karani akaenda kati ya rafu, akarudi. "Haipo. Jina jingine, mama." Tausi. Haipo. Riziki, Mwanamize, Subira, Chiku. Haipo, haipo. Kila jina lilipita kwenye waya, likatoka kwenye nguzo zote za Peupe, na kule kwa shangazi Salha akalisikia na kujifunika kichwa kwa mto.

"Mama, unaniaibisha," alimwambia. "Kaunti nzima inakusikia."

"Wanasikia, hawasemi. Umewahi kuona watu wa namna hii?"

"Ni watu wenye heshima."

"Heshima ya nini? Salha, mwanangu, hebu nitazame."

Na hapo ndipo Mwajabu aliposhtuka, kwa sababu Salha hakumtazama. Alikuwa akiangalia vidole vyake vya miguu. Alikuwa ameanza kuwa mtu wa huko.

Malalamiko ya Mwajabu yalifika kwa wakubwa, maana Peupe kila kitu kinafika kwa wakubwa, na Baraza likaketi kuyajadili. Mjadala ulitoka kwenye vipaza sauti siku nzima. Mwajabu aliusikiliza akiwa ukutani na Bwana Ndaro, akinywa uji uliopoa.

Diwani mmoja, kijana, alisema kwamba mgeni ana hoja. Kwa nini ndoa zisipangwe kwa majina ya waume pia, ili mama aweze kujua anampa nani mtoto wake?

Diwani mwingine, mwenye sauti nzito, akamjibu, "Mheshimiwa, huko ni kutazama. Leo utampanga Feruzi wa Bwengo. Kesho utanipanga mimi." Baraza zima likagonga meza. Mwingine akasema tatizo si mpangilio, tatizo ni akina mama kuja bila maandalizi. Mama anayejali angekuja akiwa na jina la mke tayari. Diwani mwanamke, na Mwajabu alimwekea matumaini huyo, alisema anaumizwa sana na hali hii, kwamba naye ni mzazi, kwamba amekosa hata hamu ya kula, na kwamba kwa uchungu huo anaunga mkono mpangilio ubaki ulivyo.

Mwisho wakapitisha azimio kwamba kibao cha langoni kipakwe rangi upya, herufi ziwe kubwa zaidi, ili wageni wasiwe na shaka yoyote juu ya uwazi wa Peupe.

"Wamefanya kazi," alisema Bwana Ndaro.

"Kazi gani, kaka?"

"Mimi nilipolalamika hawakupaka chochote."

Siku zikaenda. Kule kwa shangazi watu walianza kuingia na kutoka, wakibeba masufuria na mazulia, wote wakitazama chini. Mwajabu akiuliza ni shughuli ya nani, wanamwambia iko wazi, atazame mwenyewe. Asubuhi moja alimkuta Salha ameketi nyuma ya nyumba, miguu imenyooshwa, na wanawake wawili wanamchora hina. Kwenye viganja ilikuwa imeshakauka.

"Hii nini, Salha?"

"Hina, mama."

"Naona ni hina. Ni ya nini? Mimi sijasema neno."

"Wananijaribishia tu. Mbona una wasiwasi hivyo?"

Mwajabu alitoka pale akikimbia, na mama mtu mzima akikimbia barabarani ujue kuna jambo. Wazo lililokuwa kichwani mwake lilikuwa moja. Labda wameshamfungisha. Labda katika nchi hii ambamo kila kitu kinafanywa mchana na hakuna anayekiona, mtoto wangu ameshaozeshwa mbele ya macho yangu, nami nimekaa ukutani nataja akina Saumu.

Foleni ilikuwa ndefu, lakini Bwana Ndaro alikuwa amemshikia nafasi. Alifika dirishani kifua kikipanda na kushuka.

"Karibu, mama. Leo tunaanza na nani?"

Akataja jina moja. Haipo. Akataja jingine. Haipo. Karani akamwonea huruma, akasema, "Mama yangu, umechoka. Huna hata jina moja unalolijua kwa hakika?"

"Ninalo," alisema Mwajabu. "Niangalizie hilo basi, nijue moja. Feruzi wa Bwengo. Na Salha, binti Mwajabu."

Bwana Ndaro aliinua uso, na kwa mara ya kwanza Mwajabu akayaona macho yake, yalikuwa mekundu na yamejaa maji. Mdomo wake ulifunguka. Kisha akatazama chini.

"Feruzi wa Bwengo na Salha binti Mwajabu," karani alirudia polepole. "Na wewe kwa Salha ni nani?"

"Mama yake mzazi."

"Umekuja mwenyewe kwa miguu yako?"

"Ulitaka nije kwa ya nani?"

"Na majina haya mawili umeyataja pamoja, bila kulazimishwa na mtu?"

"Mwanangu, hebu nenda kaangalie, jua linanichoma!"

Karani akaenda. Safari hii alikawia. Aliporudi alikuwa na uso wa furaha ambao Mwajabu hakuwahi kuuona kwake.

"Haikuwepo, mama."

Mwajabu aliegemea ukuta. Akashusha pumzi iliyokuwa imemkaa kifuani tangu kule kwenye kichanga cha jirani. "Namshukuru Mungu. Namshukuru Mungu wangu."

"Sasa ipo," alisema karani.

Kutoka ndani ya jumba makarani wakapiga vigelegele. Vigelegele vikaingia kwenye waya, vikatoka kwenye nguzo zote, barabarani, sokoni, mashambani. Feruzi wa Bwengo na Salha binti Mwajabu, neno la mama limetoka, heri, heri.

"Nini ipo? Nilikuwa nauliza!"

"Umemwoza Salha, mama. Hongera. Bwana harusi alishasema, binti alishasema. Mama anayekuja mwenyewe akataja jina la mwanawe na la mwanamume hapa dirishani, ameoza. Akina mama wote wa Peupe wanaoza hivi."

"Mimi nimekuja kuuliza! Tangu nifike nauliza! Umenisikia mwenyewe!"

"Dirisha ni moja, mama. Anayeuliza anasimama hapo, anayeoza anasimama hapo, na majina wanayataja vilevile. Sisi humu ndani tutawatofautishaje?"

"Mngenitazama uso!" Mwajabu alipiga kelele, na kelele yake ikazunguka kaunti nzima. "Mngenitazama uso wangu tu, mngejua!"

Karani aliinamisha kichwa. Alisema kwa upole, kama mtu anayemfunika mwenzake aibu, "Hatutazamani, mama."

"Basi ifute."

"Pingamizi tunalipokea. Linaletwa na mke aliyetangulia, kama yupo." Akashika kalamu, tayari. "Anaitwa nani?"

Mwajabu aligeuka nyuma. Bwana Ndaro alikuwa bado amesimama pale, kofia imekunjwa mikononi kama tambara.

"Ulijua?"

"Nilijua, dada."

"Umekula chakula na mimi. Umenishikia nafasi leo hii nije nifanye hili. Ulikuwa hapo nyuma yangu, neno moja tu, kaka. 'Nyamaza.' Hukuweza?"

Bwana Ndaro alilia bila sauti, machozi yakidondokea viatu vyake. "Ningekuzuia ningekuwa nimekutazama," alisema. "Ulikuwa na huzuni yako, sikutaka kuiangalia. Nisamehe. Ndivyo tulivyolelewa."

Alimwamini huyo mtu, mama mwenzangu. Hilo ndilo linaloniuma kuliko hata karani.

Hawajamaliza, Salha akatokea kwenye kona anakimbia, viganja vyekundu, kanga imemponyoka, na nyuma yake shangazi na wale wanawake wakipiga vigelegele kuelekea ardhini. Alimrukia mama yake shingoni, akamkumbatia mpaka wakayumba wote wawili.

"Mama! Nimekusikia kwenye nguzo! Nilijua tu utakubali, nilijua!"

"Salha..."

"Na jina je?" Aliuliza hilo akiwa bado amemng'ang'ania, mdomo sikioni mwa mama yake, na sauti yake ilishuka. Maana mtoto yule alikuwa mtu wa ahadi, na yake angeitimiza hata dakika ile. "Niambie kweli. Ulilipata jina?"

Mwajabu angeweza kusema lolote. Majina yalikuwa yamejaa kinywani, alikuwa ameyataja mpaka ulimi umeota sugu. Angesema Tausi, angesema Subira, na mwanawe angevua pete palepale. Lakini dirisha lilikuwa wazi nyuma yake, karani ameshika kalamu, waya unasikiliza. Jina lolote ambalo angelitaja, karani angekwenda kulitazama, na jibu lingetoka kwenye nguzo zote, haipo. Na kuanzia hapo Salha asingemwamini tena mama yake kwa lolote, hata siku atakapomhitaji.

"Sikulipata," alisema.

"Basi hayupo." Salha akacheka, akamfuta mama yake machozi kwa vidole vya hina, akidhani ni ya furaha. Wanawake wakamzunguka, wakaondoka naye. Alikwenda katikati yao akitembea vizuri kabisa, bila kumgonga mtu, macho chini.

Kwa hiyo nasema, mama mwenzangu. Ukisikia mahali panasifiwa kwamba hapana siri, usiridhike na kibao. Angalia kama watu wake wanatazamana. Na kama unataka kumjua mchumba wa mwanao, usianzie dirishani. Mshike mkono mwenyewe, mkalishe mbele yako, muulize, mkeo ni nani, na usimwachie macho yake yaende chini. Akikuambia yote yako wazi, mwambie nionyeshe. Na jina la mwanao lisitoke kinywani mwako mbele ya mtu ambaye hajakutazama usoni.

Mwajabu hakurudi kwao. Ukipita Peupe leo utamsikia kabla hujamwona, kwenye nguzo ya kwanza tu baada ya lango, sauti imekwaruza lakini haijanyamaza. Zaina, na Feruzi wa Bwengo. Haipo. Msuo, na Feruzi wa Bwengo. Haipo, mama, jina jingine. Kibibi. Somoe. Mtumwa. Anakwenda hivyo mpaka dirisha linapopumzika, na asubuhi anaanza tena. Anatafuta mwanamke mmoja tu atakayeweza kuleta pingamizi na kumtoa Salha katika ndoa ile.

Na kama mwanamke huyo yupo, anasikia. Peupe yote inasikia. Ameketi nje ya nyumba yake kama sheria inavyotaka, anapepeta mchele, majina ya wanawake wengine yanapita juu ya kichwa chake moja baada ya jingine, na macho yake yako kwenye ungo.